Vipimo vya seliaki ni negatifu, lakini tumbo bado inasumbua: je, uache mkate?

Butembo, Beni, Oicha, Kasindi: asubuhi watu wengi wanaanza siku na chai pamoja na mkate, mandazi ao chapati. Kwa wengine, saa moja baadaye tumbo linafura kama ngoma, gesi inapanda, kuhara kunaanza ao choo kinafunga kabisa. Halafu ndugu aliye Ulaya ao Canada anatuma ujumbe kwa simu: «Huko kwetu wanaita hii gluteni. Acha mkate.»

Kuna watu waliofika mpaka kupimwa ugonjwa wa seliaki, wengine kwa kutuma damu mbali, wengine kwa kuvuka mpaka wa Kasindi na kwenda Kampala. Karatasi inarudi na neno moja: negatifu. «Sasa docteur, kama hakuna kitu, juu ya nini tumbo inaniuma?» Hapo ndipo swali linabaki: kuacha ngano ao kutoiacha?

Jibu kwa kifupi ni hili. Karatasi ya negatifu haisemi kwamba unadanganya maumivu yako. Lakini pia haisemi kwamba kosa ni la gluteni. Unaweza kujaribu kuacha ngano, kwa masharti: hakikisha kipimo kilifanywa vizuri, tafuta kwanza magonjwa yaliyo mengi hapa kwetu, jaribu kwa muda unaojulikana, halafu urudishe mkate. Wengi wanasahau hilo la mwisho, na ndilo linalotoa jibu.

Gluteni ni nini, seliaki ni nini?

Gluteni ni protini iliyo ndani ya ngano, shayiri na nafaka moja ya Ulaya inayoitwa seigle. Ndiyo inayofanya unga wa ngano uvutike na mkate uumuke. Haimo ndani ya mihogo, mahindi, mchele, viazi, ndizi, mtama, ulezi, maharagi, soya wala karanga.

Ugonjwa wa seliaki si alerji, na si kuvimbiwa kwa kawaida. Mtu mwenye ugonjwa huu akila gluteni, kinga ya mwili wake inageuka na kushambulia utumbo mdogo. Vinyweleo vidogo vya ndani vinavyonyonya chakula vinalala na kupotea. Mtu anakula lakini chakula hakimfaidi: anakonda, damu inapungua, mtoto hakui, mifupa inadhoofika. Dawa yake ni moja tu: kuacha gluteni kabisa, maisha yote.

Daktari wa watoto Mholanzi, Willem-Karel Dicke, ndiye aliyeonyesha kwamba ngano ndiyo inayowaumiza wagonjwa hao. Wakati wa njaa kali ya Uholanzi, majira ya baridi ya 1944 na 1945, mkate ulikosekana na watu wakala chochote kilichopatikana. Watoto waliokuwa na ugonjwa huo wakapata nafuu. Mkate uliporudi, ugonjwa nao ukarudi.

Leo, duniani kote, inakadiriwa kwamba karibu mtu 1 kati ya 100 ana seliaki. Afrika pia ipo: uchunguzi uliotolewa mwaka 1999 kwa karibu watoto 1,000 wa Saharawi, watu wa jangwa la Sahara, ulikuta zaidi ya 5 kati ya 100 wanao ugonjwa huo. Kwa hiyo tusiseme ni «maladi ya Wazungu» tu. Kwa upande wetu wa Afrika ya kati haijachunguzwa sana, na watu wetu kwa desturi wanakula zaidi mihogo, ndizi na mahindi.

Negatifu inasema nini hasa?

Kipimo cha kwanza ni cha damu. Kwenye karatasi kimeandikwa tTG-IgA, ao transglutaminase IgA. Kinatafuta alama ambazo kinga inatoa wakati inashambulia utumbo. Ni kipimo kizuri, lakini kuna mambo mawili yanayoweza kukifanya kitoe negatifu ya uongo.

La kwanza: ulikuwa unakula ngano? Mtu aliyeacha mkate miezi mitatu, halafu akapimwa, alama hizo zinaweza kuwa zimeshuka ao kupotea. Muongozo wa Uingereza unaomba mtu ale chakula chenye gluteni katika zaidi ya mlo mmoja kila siku, kwa wiki zisizopungua 6, kabla ya kupimwa. Hapa kwetu jambo hili ni kubwa. Mtu anayekula bugali mchana na jioni, na mkate mara moja kwa wiki siku ya soko, anaweza kupimwa bila kuwa na gluteni ya kutosha mwilini. Negatifu yake haina nguvu sana.

La pili: labo ilipima IgA yote kwa jumla? Kuna watu ambao mwili wao hautengenezi IgA, na wako wengi kidogo zaidi kati ya wenye seliaki. Kwa mtu kama huyo, tTG-IgA itakuwa negatifu hata kama ni mgonjwa. Dawa ni kupima aina nyingine, IgG.

Halafu kuna fibroskopi, kamba yenye kamera inayoshuka kwa mdomo na kutwaa vipande vidogo vya utumbo. Hata hapo muganga anaangalia kwa uangalifu, kwa sababu giardia na magonjwa mengine ya nchi za joto yanaweza pia kuharibu vile vinyweleo. Na kuna kipimo cha jeni, kinachoitwa HLA-DQ2 na DQ8. Asiye nazo zote mbili, karibu hawezi kuwa na seliaki, hata kama aliacha mkate zamani. Lakini aliye nazo asiogope: watu wengi sana wanazo bila kuugua.

Kwa hiyo, kabla ya kutupa karatasi, rudi kwa muganga na umuulize maswali mawili: «Nilikuwa ninakula ngano ya kutosha?» na «IgA yote ilipimwa?» Kama majibu ni ndiyo na ndiyo, unaweza kutulia: seliaki iko mbali nawe.

Kabla ya kushtaki mkate

Ndugu yetu wa Brussels ao Montréal anaishi mahali ambako maji ya bomba ni safi. Sisi tunachota kwa chemchemi, kwa mto, ao kwa bomba linalokauka siku tatu. Kwa hiyo orodha ya washukiwa wetu si sawa na yake.

Giardia, amiba na minyoo vinaleta gesi, kuhara na kukonda. Giardia hasa inaweza kukaa miezi mingi na kufanana kabisa na seliaki. Kipimo chake ni cha choo, na mara nyingi choo kimoja hakitoshi. Inafaa kupima siku mbili ao tatu tofauti. Kumeza Flagyl ya soko kila tumbo linapouma si kupona. Inapunguza dalili kidogo na kumficha mkosaji.

Tifoide nayo imekuwa jina la kila homa na kila maumivu ya tumbo. Kile kipimo cha Widal, peke yake, hakitoshi kusema una tifoide, kwa sababu kinaweza kuwa pozitifu kwa mtu ambaye hana. Kama umetibiwa tifoide mara nne kwa mwaka mmoja na tumbo halijatulia, ni wakati wa kuuliza kama ni tifoide kweli.

Kuna bakteria ya tumbo inayoitwa Helicobacter pylori, iliyo nyingi sana Afrika, inayoleta vidonda na kiungulia. Kuna vidonge vya maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, ambavyo watu wanameza kila siku kwa mgongo na magoti, vinachoma tumbo. Kuna kisukari, tezi ya shingo, virusi vya UKIMWI na kifua kikuu cha tumbo. Vyote hivi vinaweza kuleta kuhara ao kukonda, na vyote vinaweza kutafutwa.

Halafu angalia vizuri sahani yenyewe. Chai ya maziwa na mkate: nani ana kosa? Watu wazima wengi wa Afrika hawasagi vizuri sukari ya maziwa, na maziwa yanawaletea gesi na kuhara. Wiki moja kunywa chai kavu na mkate uleule. Kama tumbo limetulia, mkate hauna deni. Mandazi vilevile: mafuta yaliyokaangiwa siku tatu yanaweza kusumbua kuliko unga.

Kuna watu wasio na seliaki lakini ngano inawasumbua?

Ndiyo, wapo. Waganga wanakubali kwamba kuna watu ambao vipimo vya seliaki na vya alerji ya ngano ni negatifu, lakini wakila ngano wanaumwa na wakiiacha wanapona. Mwaka 2014, wataalamu walikutana Salerno, Italia, kuweka masharti ya kumtambua mtu kama huyo, kwa sababu hakuna kipimo cha damu kinachoweza kumwonyesha. Njia iliyobaki ni kujaribu tu: kuacha, kuangalia, kurudisha.

Lakini swali lingine liliingia: ni gluteni yenyewe kweli? Mwaka 2018, watafiti wa Oslo, Norway, walichukua watu 59 waliokuwa wameacha gluteni wenyewe bila kuwa na seliaki. Waliwapa vipande vitatu vinavyofanana, kila kimoja kwa wiki moja: kimoja chenye gluteni, kimoja chenye fruktani, na kimoja kisicho na kitu. Hakuna aliyejua anakula kipi. Watu 13 waliumwa zaidi na gluteni. Watu 24 waliumwa zaidi na fruktani. Na watu 22 waliumwa zaidi na kile kisicho na kitu.

Tusiwacheke hao 22. Tumbo na kichwa vinaongea. Mtu anayengoja maumivu, maumivu yanamjia kweli, si ya kuigiza. Sisi wa Beni na Butembo, tulioishi na vita, na Ebola ya 2018 mpaka 2020, na usiku mingi bila usingizi, tunajua vile hofu inavyokaa ndani ya tumbo.

Na fruktani ni nini? Ni aina ya sukari ambayo utumbo hauwezi kuinyonya. Bakteria za ndani zinaichachusha na gesi inatoka. Iko ndani ya ngano. Lakini iko pia, na nyingi, ndani ya kitunguu, kitunguu saumu na poaro. Maharagi nayo yana sukari ya jamaa hiyo.

Hili linatugusa sana. Milima ya Lubero inatoa poaro, vitunguu na maharagi, na sahani ya Butembo bila hivyo si sahani. Mtu anaweza kuacha mkate kabisa, akaendelea na maharagi yaliyokaangwa na vitunguu viwili na poaro, na tumbo likaendelea kufura. Atasema: «Niliacha gluteni, haikusaidia.» Mwingine ataacha mkate na kupona, akafikiri ni gluteni, kumbe ni fruktani, na angeweza kula kipande kimoja cha mkate bila shida.

Namna ya kujaribu

Kama umepimwa vizuri, vimelea vimetafutwa na kutibiwa, maziwa na mafuta vimeangaliwa, na bado unashuku ngano, jaribu hivi.

Wiki ya kwanza, usibadilishe kitu. Chukua daftari ya mtoto ya zamani. Chagua dalili moja mpaka tatu zinazokusumbua zaidi: kufura, kuhara, uchovu. Kila jioni uzipatie nambari, kutoka 1 mpaka 10. Andika pia ulichokula.

Wiki sita zinazofuata, acha ngano na shayiri. Maana yake: mkate, mandazi, chapati, sambusa, biskuti, keki, makaroni na tambi. Bia nyingi za chupa zinatengenezwa na shayiri. Mkate unaoitwa «wa mihogo» mara nyingi umechanganywa na ngano; muulize anayeuoka. Uji wa pakiti, soma maandishi. Kwa jaribio hili hauhitaji kuogopa vumbi ya ngano kwenye mashine ya kusaga. Ukali huo ni kwa mwenye seliaki. Katika wiki hizo usibadilishe mambo mengine, usianze dawa mpya, la sivyo hautajua kilichosaidia ni nini.

Mwisho wa wiki sita, linganisha nambari. Wataalamu wa Salerno wanaomba dalili zishuke angalau 30 kwa 100. Kama zilikuwa 8, zifike 5 hivi. Hazikushuka? Basi ngano haina kosa. Rudia mkate wako na mtafute kitu kingine na muganga.

Zimeshuka? Bado haujamaliza. Rudisha ngano kwa wiki moja, karibu vipande vinne vya mkate kwa siku, na uendelee kuandika. Kama unataka jibu la nguvu zaidi, omba mtu wa nyumbani akusaidie. Kwa wiki moja apike uji wako wa mahindi na unga wa ngano ndani, wiki nyingine bila ngano, bila kukuambia ni ipi. Yeye anaandika kwake, wewe kwako, na mwishoni mnafungua daftari pamoja. Jaribio hili halitasema kama ni gluteni ao fruktani, lakini litasema kama ni ngano. Kwa maisha ya kila siku, hiyo inatosha. Anayevimba midomo ao kukosa pumzi akila ngano asifanye jaribio hili hata kidogo. Hiyo ni alerji, na inaweza kuua.

Wengi hawapendi kurudisha. «Nimepona, juu ya nini nijirudishe kwa maumivu?» Kwa sababu bila hivyo unaweza kukataa chakula miaka kumi bure. Utakataa sambusa ya harusi, utakataa chai ya matanga, wakwe watafikiri unawadharau, na mkosaji wa kweli anakaa ndani akicheka.

Tule nini mahali pa mkate?

Hapa tuna bahati. Ulaya, mtu anayeacha gluteni ananunua mkate maalumu wa bei kali. Sisi hauhitaji kununua kitu cha Ulaya. Soko la Butembo limejaa chakula kisicho na gluteni.

Hatari yetu ni nyingine. Gramu 100 za unga wa ngano zina karibu gramu 10 za protini. Unga wa mihogo una chini ya gramu 2. Mtu akitoa mkate na kuweka mihogo tu mahali pake, anapoteza nguvu bila kujua. Kwa hiyo mkate ukitoka, protini iingie: viazi na yai, ndizi na karanga, uji wa mahindi na soya, mchele na samaki wadogo. Bugali changanya mahindi na mihogo, na sombe isikose karanga. Kama maharagi yanakuletea gesi, yaloweke usiku mzima, mwaga maji yale, pika na maji mapya, na ule kidogo kidogo.

Nani asijaribu peke yake?

Mtoto mdogo, mama mjamzito ao anayenyonyesha, mtu aliyekonda sana: hawa wasiondolewe chakula bila muganga. Mtoto aliye kwenye matibabu ya utapiamlo asinyimwe ile pakiti ya karanga ya hospitali; imetengenezwa na karanga, maziwa, sukari na mafuta, haina ngano.

Na kuna dalili ambazo hazingoji wiki sita. Damu kwenye choo, homa, kukonda bila sababu, damu kupungua, kuhara kunakoamsha usiku, kutapika kusikokoma, ao shida ya tumbo inayoanza kwa mara ya kwanza baada ya miaka 50: nenda hospitali kuu. Mtu ambaye mzazi, kaka ao dada yake ana seliaki, ao mwenye vipele vya maji vinavyowasha kwenye viwiko na magoti, asiache ngano mpaka apimwe upya akiwa anaila.

Kama jaribio limeonyesha kwamba ngano inakusumbua lakini hauna seliaki, haulazimiki kuogopa kila punje. Utumbo wako hauharibiki kama wa mgonjwa wa seliaki. Wengi wanagundua kwamba mkate mzima unawaumiza, lakini kipande kimoja hapana. Tafuta kipimo chako, kila baada ya miezi michache jaribu tena, na ile karatasi ya negatifu iweke vizuri pamoja na daftari yako. Siku utakapofika mbele ya muganga mwingine, vitu hivyo viwili vitamsaidia kuliko maneno mengi.